Mtu wa Chupa Mbili

Ukimwamkia Mkaguzi shikamoo, macho yake yalishuka kwanza kwenye mikono yako, yakazunguka viganja na vidole, ndipo akaitikia marahaba. Uso hakuwa na shida nao. Kabla ya kustaafu alikuwa anakagua mizani masokoni, na huko, alisema, aliona nyuso nyingi zikimchekea mteja huku kidole gumba kimelalia sahani ya mizani. "Anayekuchekea mtazame mikono," hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya pili.

Mie nilipanga chumba uani kwake, Sinza. Mbele ya nyumba, ubavuni mwa grosari ya Mama Pendo, nilikuwa nauza supu ya utumbo na chapati. Kila alfajiri nilikuwa machinjioni Vingunguti nagombea utumbo na wenzangu, na watu wakianza kutoka kwenda kazini sufuria langu lilikuwa limeshachemka. Nina ndoto zangu, sifichi: mgahawa wenye vioo, kiyoyozi, na wahudumu waliovaa aproni zenye jina langu. Mkaguzi alizijua zote maana nilikuwa nammwagia kila asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo, akauliza, "Na huyo atakayekaa kaunta, umemchunguza?" Sina hata kijiko cha mgahawa, yeye ameshamshuku mtu wangu wa kaunta!

Nataka kueleza alivyokuwa, kwa sababu kuna mwaka damu ilianza kumtoka akienda haja kubwa, na badala ya kumtafuta daktari akaanza kumtafuta mtu.

Alikunywa bia mbili kila jioni. Si moja, si tatu. Alizitaka za moto, maana baridi inaficha ladha, na kinachoficha ladha kinaweza kuficha na mengine. Chupa ilitakiwa ifike mezani na kizibo chake. Aliigeuza juu chini, akaiinua kwenye mwanga, akapitisha ukucha kuzunguka kizibo, halafu akakifungua mwenyewe kwa opena iliyoning'inia kwenye funguo za nyumba. Akienda kujisaidia alikwenda nayo. Wageni walicheka, sie wa mtaani tulishazoea.

Lililotushinda kuzoea ni la kuonja. Huko bara, kwa wenye pombe za kienyeji, ni adabu ya siku nyingi: mwenye chungu hupiga funda la kwanza mbele ya wageni ili waone hakuna kilichotiwa. Mkaguzi aliichukua adabu hiyo akaileta kwenye bia ya kiwandani, mjini. Alimimina tone kwenye glasi ndogo, akamsogezea Mama Pendo. Na Mama Pendo ameokoka! Grosari aliachiwa na marehemu mumewe, ndiyo inayosomesha watoto, lakini bia kwenye koo lake haipiti.

"Mzee Mkaguzi, kiwanda kimefunga, wewe umefungua, mie naonja nini?"

"Mkono ulioileta ni wako."

"Bwana nisamehe." Alitia mdomoni, akageuka, akatema mchangani, pyuu. "Haya. Nimekufa?"

"Subiri kidogo."

Kijiwe kizima kikasubiri naye, kimya, kila mtu anamtazama Mama Pendo kama anatazama penalti. Baadaye Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali, akanywa, na watu wakaangua kicheko. Ilikuwa hivyo kila jioni. Kuna wateja walikuja kwa ajili ya kuona hilo tu.

Walevi hakuwapenda. Mtu akiyumba mbele yake alihamisha kiti. "Mie ni mtu wa kiasi," alisema, na alilisema kwa sauti ya mtu anayetaja cheo. "Kilo ni kilo. Ukizidisha umeiba, ukipunguza umeiba. Bia mbili zinasafisha njia, ya tatu ndiyo inayochafua." Kwa njia alimaanisha tumbo lote, toka kooni hadi mwisho wa safari. Wanawake wa mtaani walimfanya mfano kwa waume zao: mwangalieni Mkaguzi, mbili zake, kola yake imenyooka, kwake. Na mie niliamini. Kwa nini nisiamini? Watu ambao pombe iliwadhuru niliwaona kwa macho, wamelala mtaroni na kiatu kimoja. Huyu alirudi nyumbani akifunga geti taratibu asituamshe wapangaji.

Shuku zake zilikuwa na mlango wa nyuma ambao sikuwahi kuuelewa vizuri. Kulikuwa na muuza nyama mmoja ambaye enzi za kazi Mkaguzi alimkamata na jiwe la mizani lililotobolewa kwa chini. Bucha likafungwa, mtu yule akahangaika weee, mwisho akafungua jingine karibu na kwetu. Nilidhani watararuana. Kumbe Mkaguzi hakununua nyama kwingine ila pale. Nilipomuuliza alinishangaa mie.

"Wale wengine sijawakamata bado. Huyu mkono wake naujua."

Tena huyu mzee wa kugeuza chupa juu chini ndiye aliyeacha mlango wa sebule wazi mchana kutwa, watoto wa jirani wakaingia kutazama katuni na nyayo zao za matope. Na mwaka niliougua homa ya matumbo, niko peke yangu chumbani, alinikorogea uji wa ulezi. Akaja nao, akasimama mlangoni, akanywa kijiko kimoja mbele yangu, akasubiri, ndipo akanipa. Hakuna aliyemwambia aonje. Nilicheka huku natetemeka. Mpaka leo nikikumbuka kile kijiko macho yanalowa, basi tu, ndivyo nilivyoumbwa.

Mkewe alishatangulia mbele za haki. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, fundi pikipiki kule Mbagala, kaka mpole mwenye kicheko cha karibu. Jumapili alikuja na matunda, akamwamkia Mama Pendo "shikamoo mama," akanitania na supu yangu, akaingia kwa baba yake. Baba alimpenda, hilo nina hakika nalo, maana siku hizo alinyoa ndevu. Ila alikuwa na kero moja. "Mikono ya oili haisomeki," aliniambia. "Naitazama, naona weusi tu."

Sikukuu moja kaka akamletea kreti ya bia. Zawadi. Mzee alishukuru, akaiweka uvunguni. Alipobaki peke yake alifungua chupa moja, akaimwaga kwenye sahani uani, akamwita kuku wa jirani. Kuku akanywa. Akanywa tena. Akatembea kwa mduara, akajigonga ukutani, akalala chali miguu juu. Mkaguzi alipiga ukelele ambao uliwatoa watu majumbani, na kaka, ambaye alikuwa hajafika hata barabarani, akarudi mbio akidhani baba kaanguka.

"Umeniletea nini?"

"Bia, baba. Kwani nimeleta nini?"

"Na huyu?"

Kaka alimtazama kuku, akamtazama baba yake, akatutazama sie tuliokuwa tumejaza ua. Uso ulimbadilika. "Baba, huyu kuku amelewa," alisema polepole. Kuna mtu alicheka. Yeye hakucheka. Alifungua geti akaondoka. Asubuhi kuku aliamka na kudai mtama wake kama kawaida. Kaka hakurudi.

Damu ilianza si muda mrefu baada ya hapo, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati mbaya yake, kwamba vitu viwili vilifuatana.

Mie niliiona chooni. Choo cha uani tulitumia wawili tu, wapangaji wengine wana chao, na yangu haikuwa. Sikusema. Nikaanza na mie kumshuku. Alimwachisha kazi mama aliyekuwa anamfulia, akawa anafua suruali zake mwenyewe kabla hakujapambazuka, anaanika nyuma ya tangi la maji. Mtu anayeficha suruali anaficha nini? Alitia choo kufuli, ufunguo anao yeye, ukihitaji unabisha hodi kama unaomba viza. Nilipomwona anatoka na ndoo iliyofunikwa nilirudi chumbani nikafunga mlango. Nilifikiria mambo ambayo siwezi kuyaandika, ya waganga na makafara. Huku mkanda wake unaongezwa tundu. Huku supu yangu anairudisha haijaguswa.

Ndipo akapita yule muuza dawa wa mkokoteni, wenye spika inayosema peke yake kutwa nzima: bawasiri, ngiri, chango, kiuno, tumbo kujaa gesi. Mkaguzi alimsimamisha. Huyu anayekagua kizibo cha kiwandani akanunua chupa ya plastiki isiyo na karatasi wala jina, ina unga wa kahawia ndani, akaubwia palepale kwa maji yangu ya kunawia.

"Mzee! Hiyo huionjeshi mtu?"

"Huyu hanijui. Asiyekujua hana sababu ya kukuua."

Aliitumia mpaka ikaisha. Kwa juu yake aliendelea na bia mbili, tena kwa imani zaidi, ili zisukume uchafu. Damu haikukoma. Asubuhi moja akaja mbele ya sufuria langu, akainama karibu na sikio langu.

"Binti, hii si bawasiri. Bawasiri ingesikia dawa. Mie nimetiliwa kitu."

"Na nani, mzee?"

Alielekeza kidevu kwenye grosari. Alikuwa ameshaipanga yote kichwani: mwanawe anataka nyumba, Mama Pendo anaitwa mama na mwanawe, kwa hiyo wawili hao ni chungu kimoja. Kuku alikuwa jaribio la kwanza. Nilimwambia kuku mwenyewe yupo, yule pale anaparua. Akaniambia sumu za siku hizi zina subira.

Maneno hayana geti. Jioni ya siku ya pili viti vya Mama Pendo vilikuwa vitupu. Kesho yake na supu yangu ikabaki, maana supu iliyochemka ubavuni mwa sumu nani ainywe? Mama Pendo alilia mbele ya friji lake. Mwisho Bi Mjumbe, mjumbe wetu wa shina, mama mtu mzima asiyependa makelele, akatuita wote barazani kwake Jumamosi asubuhi. Kaka naye akaitwa kutoka Mbagala. Alikuja amevaa shati la kanisani.

Mkaguzi alisimama akaeleza kama anatoa ushahidi mahakamani. Alipomaliza, Mama Pendo aliruka.

"Mie? Mie niliyekuonjea kila chupa? Kama kulikuwa na sumu si ningekuwa kaburini miaka hiyo!"

"Ulikuwa unatema," alisema Mkaguzi.

 Hata mie nilihisi baridi, maana kweli, alikuwa anatema, sote tulimwona na tulikuwa tunacheka.  Mama Pendo alitafuta jicho la mtu wa kumtetea, na kila jicho lilikuwa chini.

Kaka akainuka. "Siku ya kuku nilinyamaza, baba. Nikasema mzee, atapoa. Leo umenivua nguo mbele ya watu wazima. Nyumba mpe unayemtaka. Usinitafute tena." Akawaaga wakubwa mmoja mmoja, akaondoka.

Bi Mjumbe alisubiri pikipiki yake ipotee sikioni. "Mzee Mkaguzi, sumu si mizimu, ina kipimo. Nenda hospitali ukapimwe. Ikionekana, mie mwenyewe nitawapeleka hawa polisi. Isipoonekana, utamsafisha Mama Pendo hapahapa, mtaa ukisikia. Umekubali?"

"Kukaguliwa siogopi," alisema. Na hivyo ndivyo mtu ambaye hakuna aliyeweza kumpeleka kwa daktari alivyokwenda kwa miguu yake: alikuwa anafuata ushahidi.

Akanichagua mie nimsindikize. "Wewe unaosha utumbo kila siku. Hawatanidanganya mbele yako."

"Mzee, mie najua wa ng'ombe."

"Utumbo ni utumbo."

Daktari alikuwa binti, kwa sura mdogo kuliko mie. Kabla hajauliza chochote, Mkaguzi alitoa kwenye mfuko chupa ya bia iliyofungwa, ya kwa Mama Pendo, akaisimamisha mezani. "Pima hii."

"Shikamoo, mzee. Hii siihitaji. Nakuhitaji wewe."

Alimuuliza damu imeanza lini, ya rangi gani, choo kimebadilika, amepungua. Alivyojibu nikajua niliyokuwa siyajui: choo kilikuwa kimekuwa chembamba, tumbo linamkata, akitoka anahisi bado. Daktari akavuta pazia akampima kwa kidole. Mzee alitoka nyuma ya pazia anafunga mkanda, kidevu juu. "Amenikagua," alinitaarifu, kama mtu aliyevuka mpaka salama. Siku nyingine akanyweshwa dawa ya kusafisha tumbo, akapigwa kamera ya ndani. Wakakata kipande kidogo kikaenda maabara. Majibu yalipotoka tulikaa tena mbele ya daktari yule.

Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, karibu na mwisho wake.

Mkaguzi akasogeza kiti mbele. "Nani ameitia?"

"Hakuna aliyeitia, mzee. Imeota."

"Kitu hakioti bila mbegu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Unakunywa pombe?"

"Kwa kiasi. Bia mbili."

"Kila siku?"

"Kila siku. Tangu nina nywele nyeusi."

"Sasa nisikilize. Pombe ikiingia mwilini inageuka kuwa kitu kinachojeruhi utumbo kwa ndani. Anayekunywa sana yuko hatarini zaidi. Anayekunywa kidogo hatari yake ni ndogo, lakini si kwamba haipo, na kidogo cha kila siku kwa miaka mingi kinajikusanya. Siwezi kukuapia kwamba ni bia zako. Kuna umri, kuna sigara, kuna nyama choma, kuna mambo ya ukoo. Wapo wasioijua pombe kabisa na ugonjwa huu wanao."

"Kwa hiyo inawezekana siyo bia."

"Inawezekana."

"Na inawezekana ni bia."

"Inawezekana pia."

"Binti yangu, mkono mmoja unaweka, mwingine unatoa."

"Ndivyo ulivyo ukweli wenyewe, mzee. Ningekuwa nakuuzia dawa ningekupa jibu moja."

Mkaguzi aliitazama mikono ya yule daktari, imelala mezani, kucha fupi. Aliitazama muda mrefu. Mie nilikuwa nashangaa kitu kingine: miaka yote ile alishuku kilichoweza kutiwa ndani ya bia, na sie sote, mimi na Mama Pendo na wake za watu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuishuku bia yenyewe. Tulishuku mtaro na kiatu kimoja. Mbili na kola iliyonyooka hatukuzishuku.

"Una watoto?" daktari aliuliza.

"Ninaye mmoja."

"Mwambie. Mtoto wa mtu mwenye ugonjwa huu anatakiwa apimwe mapema, kabla hajaona damu. Ukionekana mapema unatolewa bila vita kubwa. Na kama naye anakunywa, apunguze, au aache."

"Sawa," alisema Mkaguzi. Koridoni akaniambia, "Huyu hajabonyeza mizani." Chupa ilibaki kule mezani kwa daktari. Kama aliisahau au aliiacha, sikumuuliza.

Walimfanyia upasuaji, wakamtoa kipande cha utumbo, wakamwekea mfuko wa choo ubavuni. Wodini hakuacha tabia: alimwambia nesi aonje dripu. Nesi akamjibu, "Babu, mie nikionja hii, wewe utabaki na kiu." Wodi nzima ikacheka na yeye akacheka akishika mshono. Mama Pendo alikwenda kumwona na chupa ya uji. Aliifungua, akainama kuonja kama ilivyozoeleka, Mkaguzi akamzuia mkono. "Usionje. Nipe." Mama Pendo alinisimulia hilo akiwa analia na kucheka, na kwa namna alivyolisimulia nilijua kwamba kesi kwake imeisha.

Lakini ahadi ni ahadi. Alipopata nguvu alikwenda mwenyewe barazani kwa Bi Mjumbe, watu wakaitwa, akashika nguzo. "Mama Pendo hajanitilia kitu. Mwanangu hajanitilia kitu. Kilichoingia tumboni mwangu nimekiingiza mwenyewe kwa mkono wangu." Akakaa. Sijawahi kumsikia akisema samahani, na hata siku hiyo hakulisema neno lenyewe. Viti vya grosari vilirudi kujaa. Baadhi ya wanaume walipunguza, baadhi walisema ah, daktari mwenyewe kasema inawezekana siyo, wakaagiza nyingine. Mama Pendo akaongeza soda kwenye friji.

Dada yake Mkaguzi akamchukua akamuuguze kwake Madale, kule mlimani. Nyumba ya Sinza tukabaki wapangaji. Mie nilikuwa najua jambo moja ambalo yeye hakulijua: mwanawe alikuwa ananipigia simu. Namba yangu alikuwa nayo tangu enzi za utani wa supu. "Mzee anakula?" aliuliza kila mara. "Usimwambie nimeuliza." Nilimwambia la kupimwa, nilimwambia mara nyingi, mpaka nikamkera. "Dada, huo ni mtego wake wa kunirudisha," alijibu. "Kama ni kweli, atasema mwenyewe. Kwani mie naumwa wapi? Mie mwenyewe jioni napiga mbili tu, napita nyumbani." Ile mbili tu ilinikosesha raha.

Basi nikapanda Madale. Nilimkuta kibarazani, shati pana limefunika mfuko, miguu imekuwa kama ya mtoto. Nilimwamkia, akaitikia. Akauliza mgahawa umefikia wapi. Nikamwambia nimeshapata jina, bado jengo. Akasema jina ndilo linaloibwa kwanza. Tukacheka. Dada yake akatuletea chai akatuachia nafasi.

"Mzee," nilisema, "kaka umemwambia?"

Alikoroga chai isiyo na sukari.

"Daktari alisema umwambie."

"Nilimsikia."

"Sasa?"

"Atasema natafuta wa kuniuguza. Atasema nimebuni ugonjwa nimrudishe. Ningekuwa mie ningesema hivyohivyo." Akaweka kijiko. "Nimemfundisha mwenyewe kutokumwamini mtu, binti. Aliniona miaka yote. Leo nimwambieje aniamini?"

"Ananipigiaga simu," nilisema. "Anauliza kama unakula. Alinikataza kukwambia."

  Mkaguzi alinyanyua kikombe, akakirudisha bila kunywa.

"Anakunywa?"

"Anasema mbili tu. Kila jioni."

Hapo alifumba macho.  Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, akasubiri. Nikatafuta namba, nikabonyeza, nikaweka sauti kubwa, nikampa simu. Kule Mbagala nyundo ilikuwa inagonga chuma.

"Haloo dada. Mzee mzima?"

"Ni mie."

Nyundo ikagonga, ikagonga, ikanyamaza.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Nani kakwambia unipigie?"

"Hakuna."

"Shangazi?"

"Hakuna, nimesema."

"Sasa unataka nini, baba?"

"Sitaki kitu."

 Halafu kaka, kwa sauti ya chini, ya mtu anayechungulia dirishani kwanza kabla ya kufungua mlango: "Umekunywa?"

Mzee alijilamba midomo. "Sijanywa. Ila nilikunywa miaka yote ile nikakwambia ni kiasi. Ugonjwa ulionikata utumbo unaweza kuwa na wewe, na mwanzoni hauumi. Daktari alisema upimwe mapema, nami nimekaa na maneno yake miezi yote hii nikiogopa utanishuku. Nishuku. Lakini nenda ukapimwe. Twende wote, uwaulize mwenyewe, usinisikilize mie."

Nilisikia pumzi ya kaka kwenye spika. Nilisikia mtu karakana akimwita na yeye akimwambia, "Ngoja kwanza." Mkaguzi aliishika simu kwa mikono yote miwili kama imejaa maji.

"Kesho nina injini ya mtu," alisema kaka.

"Keshokutwa."

"Nije huko Madale?"

"Njoo."

Kaka akasema kitu kingine, kwa haraka, nami sikukisikia vizuri kwa sababu pua ilikuwa imeshaniziba. Mkaguzi alikisikia. Aliifunika simu kwa kiganja, akaniinamia, akanong'ona:

"Anauliza saa ngapi."